Mashine Iliyoonekana Kiwandani

Sehemu ya Kumi na Moja

Kwa aliyekosa magazeti yaliyopita, habari yangu ni fupi na ni chungu. Mke wangu alikuwa anapumua kwa mashine ya oksijeni, mali ya hospitali, tuliyoazimwa tukae nayo nyumbani. Siku moja, mimi niko kazini kiwanda cha mbao, watu wa hospitali wakaja na gari wakaichukua. Siku ya tatu mke wangu akafariki. Nilipokwenda kuuliza, daftari likasema mashine imo stoo. Wakafungua stoo. Mashine haimo.

Tangu hapo ni njoo kesho, njoo Jumatatu, bosi yuko mkutanoni. Nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka mabenchi yakanizoea.

Na wiki zote hizi nimewaambia wasomaji kwamba mganga mkuu wa hospitali, ambaye humu namwita Mkubwa, aliibeba akampelekea mtu wake. Nimeapa. Wengi mmeniandikia kuniunga mkono. Mama mmoja aliniletea hata soksi pale gazetini, kwa sababu niliandika kwamba nyumba yangu siku hizi ina baridi.

Baada ya wiki hii sijui kama kuna atakayeniletea soksi tena.

Siku ya kamati ya malalamiko nilivaa shati la harusi ya binti yangu. Binti mwenyewe alikuwa amekaa kuliani kwangu, na faili kubwa mapajani. Huyu ndiye mtoto wetu wa pekee, karani wa kiwanda cha nguo mji mwingine. Siku ya maziko tulitupiana maneno mabaya, nilimwambia hakuwahi kuja mama yake akiwa hai. Akakaa miezi mitano bila kunipigia. Kilichomrudisha ni hii kesi. Barua zote aliziandika yeye, mimi niliishia darasa la nne.

Wacha niseme wazi. Nikimpoteza huyu, sina mtu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mnene, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa anagonga meza kwa kifuniko cha kalamu.

"Mlalamikaji, umeomba mashine itafutwe kwa kumbukumbu za kampuni ya simu. Umeomba wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa. Kwa mdomo wangu na kwa kidole gumba changu."

"Baba," binti akaninong'oneza, "jibu ulichoulizwa tu."

"Ulijuaje kwamba mashine ina laini ya simu ndani?"

"Niliiona nikipangusa vumbi."

Ni kweli niliiona nikipangusa vumbi. Kila Jumamosi nilikuwa nasafisha chujio lake. Nilimjibu kweli, ila sikumjibu yote.

Mkubwa alikuwa ng'ambo ya meza, mikono ameikunja, viatu vinang'aa kama vimepakwa mafuta ya kula. Kando yake mtunza stoo wa hospitali, kichwa chini.

Akaitwa fundi wa kampuni ya simu. Nilitegemea mtu wa suti. Akaja kijana mwembamba, shati limetoka nje ya suruali, na ramani ya mji imekunjwa kama gazeti la kufungia misumari.

"Mashine haina macho," akaanza. "Haijui iko mtaa gani. Lakini ina laini, kwa hiyo haiwezi kunyamaza. Kila baada ya muda inaupigia mnara hodi: nipo. Mnara unaandika nani amepiga hodi, upande gani, na yuko umbali gani. Umbali wenyewe unakuja kwa pete, pete nje ya pete."

"Kama gogo," nikasema.

"Kama nini, mzee?"

"Gogo. Ukilikata linakuonyesha pete."

Akacheka. "Basi mzee ameshaelewa kuliko bosi wangu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikajiona kweli nina akili.

Fundi akaomba glasi ya maji. Akayanywa maji, akaikausha kwa shati, akaifudikiza juu ya ramani na kuzungusha kalamu ukingoni. Duara moja, mnara wa kwanza. Duara la pili. La tatu. Pale yalipokutana yakaacha kipande kidogo, umbo la mbegu ya boga.

"Mashine imo humu ndani. Leo asubuhi imepiga hodi mara nne."

Nikainuka kusoma ramani. Maneno mafupi nayaweza. Ndani ya ile mbegu paliandikwa: NYUMBA ZA MADAKTARI.

"Haya!" nikapiga meza. "Nyumba za wakubwa hizo! Nilisema nini? Niliandika nini gazetini?"

"Na nyumba nyingine mia tatu za watu wa kawaida, mzee," Mkubwa akasema, bila hata kukunjua mikono.

"Kaa chini, mlalamikaji," akasema Mwenyekiti.

Nikakaa. Binti yangu akanishika mkono chini ya meza, akaubana. Miezi mitano sikuwa nimeshikwa mkono na mtu. Niliona kama nimeshinda tayari.

Ndipo fundi akasema, huku anakunja ramani, kama mtu anayesema jambo dogo:

"Ila kuna kitu kimoja. Nimeipata kwa namba ya kifaa, sio kwa laini. Kila kifaa kinachoshika mtandao kina namba yake ya kuzaliwa, haibadiliki hata ukibadilisha laini. Laini iliyomo sasa ni mpya. Ile ya kwanza ilitoka. Barua yenu iliomba habari tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kesho nitaleta na ya laini ya kwanza, tuone ilikwenda wapi."

"Vizuri sana," binti yangu akasema. "Ilete."

Nikautoa mkono wangu kwenye wake.

Mwenyekiti akaamuru twende tukaione mashine siku ile ile. Gari la hospitali, watu sita. Tukafika mtaa wenyewe. Tukapita nyumba za madaktari. Nikawa naziangalia dirishani, geti kwa geti, naiombea mashine iwemo katika mojawapo. Gari likapita geti la mwisho. Likaingia vichochoroni.

"Hapa duara limeishia," fundi akasema. "Kufikia mlango, minara haiwezi. Wacha niiambie ilie."

Akabonyeza kompyuta yake. Tukasimama kichochoroni tumetega masikio kama watu waliopotelewa na kuku.

Mlio ukatoka nyuma ya mlango wa buluu. Ti, ti, ti. Niliujua mlio ule. Ulikuwa unaniamsha asubuhi umeme ukikatika.

Mlango ukafunguliwa kwa hasira. Mama mmoja, kamba ya kupimia nguo imezunguka shingo, na mpira mwembamba wa hewa puani.

"Nani kaichokoza mashine yangu? Nimeshona mkono wa gauni la watu upande wa kisogoni!"

Mtunza stoo akaweka kiganja usoni.

"Mama," akasema Mwenyekiti, "mashine hii ulipewa na nani?"

"Na huyo hapo anayejificha. Nilikuwa nimeanguka getini pao, nimekuwa rangi ya wino. Akaishusha kwenye gari, akatia laini mpya, akanipa. Kosa langu nini? Kwamba sikufa?"

"Nilisahau kuandika," mtunza stoo akasema. "Ilikuwa siku mbaya. Nilisahau kuandika kitabuni kwamba nimeitoa, kisha nikaogopa kusema."

Haikuibwa. Haikuwa kwa mama mkwe wa Mkubwa, wala kwa hawara yake kama nilivyowaandikia ile sehemu ya saba. Ilikuwa kwa fundi cherehani mwenye nyumba ya chumba kimoja na cherehani mbili, moja mbovu. Mkubwa akanitazama. Afadhali angenitukana.

"Kumbe ilikuwa yako, baba?" yule mama akaniuliza.

"Ya mke wangu."

"Yuko wapi sasa?"

Akautazama uso wangu, akaelewa. Akavuta kigoda akakipangusa kwa upindo wa gauni.

"Kaa kidogo. Hewa yake nzuri, sikufichi. Kaa."

Wengine wakabaki nje wanabishana mambo ya kuandika na kutoandika. Mimi nikakaa. Kwenye mpini wa mashine bado kilikuwapo kitambaa cha kijani nilichokifunga mimi, usiwe unamkwaruza akiisogeza. Mashine ikavuma vile vile. Inavuta, inatulia, inatoa. Inavuta, inatulia, inatoa. Nikafumba macho. Kama si yule mama kukanyaga cherehani yake, ningesema niko nyumbani, saa kumi na mbili jioni, na nikifumbua macho nitaambiwa mbona umechelewa.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo niwaambie nililowaficha wiki kumi.

Laini ya kwanza niliitoa mimi.

Sikilizeni kwanza ndipo mnihukumu. Kiwandani kwetu tunaingia saa moja asubuhi, tunatoka saa kumi na moja jioni. Mke wangu alikuwa anashinda peke yake na ile mashine. Nilikuwa simalizi ubao bila kuwaza, labda umeme umekatika, labda mpira umechomoka puani, labda ameita na hakuna anayesikia. Simu ninayo, ya kwangu ndogo ya vitufe, lakini vocha ilikuwa inakwisha kabla ya wiki haijafika katikati.

Jumamosi moja nimefungua kifuniko cha nyuma kupangusa vumbi, nikaiona laini. Nikaichomoa kwa kujaribu tu. Ikaingia kwenye simu yangu kama iliyozaliwa humo. Nikapiga simu ya mke wangu, iliyokuwa kitandani karibu naye. Ikaita, bila vocha.

"Wewe!" akaniambia. "Utatufungisha."

"Mashine imezimika?"

"Haijazimika."

"Basi haiihitaji. Wakubwa wanaweka laini hata kwenye mashine, mimi maskini nakosa ya kumpigia mke wangu?"

Akacheka mpaka akakohoa.

Ikawa ndiyo kazi. Asubuhi naichomoa kwa bisibisi, jioni nairudisha. Mchana kila saa nazima msumeno, nakwenda nyuma ya rundo la mabanzi, napiga. Hatukuwa na maneno mengi. Yeye kupumua na kusema kwa pamoja ilikuwa shida. Nilikuwa nasema, "Mama." Naye anasema, "Nipo." Basi. Tunabaki hivyo, simu iko sikioni, nasikiliza mashine inavyovuta na kutoa. Wafanyakazi wenzangu wanaoniita Maranda walikuwa wakinitania: "Maranda ana mchumba." Ninawajibu, ndiyo, ninaye.

Siku mashine ilipochukuliwa, nilirudi nyumbani laini imo mfukoni na bisibisi mkononi. Nikaingia chumbani. Ukutani soketi tupu.

Sikuunganisha mambo. Naapa, na kiapo changu najua sasa kina thamani gani kwenu. Siku zile sikujua laini inasema ilipo, na nilipoomba mashine itafutwe nilidhani wataitazama laini ya sasa tu, si ya zamani. Niliona nimeiba maongezi tu, wizi wa mtu mdogo. Baada ya maziko nikaitupa laini kwenye tanuru la maranda pale kiwandani, nikaisahau. Nikaanza kuwatafuta wabaya.

Hata sasa mchana huwa nazima msumeno, naipigia simu yake, kwa vocha yangu. Naichaji kila siku, iko pale pale kitandani. Inaita mpaka inakata.

Yule fundi cherehani akanigusa bega. "Baba, wanakuita. Gari linaondoka."

Kesho yake chumba kile kile cha kamati. Fundi akaja na karatasi mbili. Moja akampa Mwenyekiti, moja akampa binti yangu, kwa kuwa ndiye mwandishi wa malalamiko. Mimi hakunipa. Ameshaona kidole gumba changu kwenye barua.

"Laini ya kwanza ilikuwa na tabia," akasema. "Jioni mpaka alfajiri inapiga hodi mnara wa karibu na nyumbani kwa mgonjwa. Kuanzia saa moja asubuhi iko mnara mwingine kabisa. Eneo la viwanda. Kila siku ya kazi, wiki saba."

"Kwa hiyo mashine ilikuwa inapelekwa viwandani?" akauliza Mwenyekiti.

"Na ndicho tulichokiona sisi," mtunza stoo akadakia, safari hii kichwa kiko juu. "Kompyuta ya hospitali inatuambia mchana mashine haifanyi kazi, tena haiko nyumbani. Kuna wagonjwa arobaini kwenye foleni! Tukajua kuna mtu anaibeba kwenda kupulizia rangi makabati kwa hewa yake. Ndiyo maana tukaenda kuichukua."

"Hapana," fundi akasema. "Mlitazama laini mkadhani mnatazama mashine. Mashine haikutoka nyumbani hata siku moja. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila haina mdomo wa kusema. Laini ndiyo iliyokuwa inatembea, ndani ya kifaa kingine. Mngetafuta kwa namba ya kifaa mngeona. Tena laini za mashine hufungwa zisipige simu. Hii kuna mtu alisahau kuifunga."

"Nani alisahau?" nikaruka. "Nani? Atajwe! Hata kutafuta hawajui! Wanakaa kwenye viti vya magurudumu..."

"Baba."

"...wanazunguka tu!"

"Baba, kaa."

Nilikuwa na haki, jamani. Walisahau kufunga, walitafuta vibaya, hawakuuliza. Ilikuwa haki yangu tupu. Lakini sauti yangu ikanisaliti, nikaisikia inatetemeka kama ya mtu anayekimbia.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Mzee, wewe unafanya kazi wapi?"

Kabla sijafungua mdomo binti yangu alishasimama.

"Mheshimiwa, eneo la viwanda lina viwanda kumi na moja. Watu maelfu. Baba yangu hajui hata kuingiza namba kwenye simu yake, namwekea mimi. Mtu aliyemuuguza mama yangu kwa mikono yake, anamwosha, anamlisha, leo mnamtazama hivyo?"

Alisema hivyo kwa ajili yangu. Mbele za watu. Nikainamisha kichwa, wakadhani nalia kwa uchungu wa kusingiziwa.

Mwenyekiti akageukia upande wa pili. "Mlipokwenda kuichukua, hamkuuliza laini iko wapi?"

Mtunza stoo akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne. "Tuliuliza. Nilifungua nyuma, hakuna laini. Nikamwambia mgonjwa, mama, kama mumeo ndiye anayechezea mali ya hospitali, mimi nampeleka polisi leo leo. Akasema, mume wangu hana habari. Akasema andika. Nikaandika."

Akasoma.

"'Laini nimeitoa mimi mwenyewe, nikampa mtu simjui. Mume wangu hahusiki kwa lolote. Mashine chukueni, nitavumilia mpaka mtakapoona vema kuirudisha.' Na sahihi yake hii."

Akaiweka mezani mbele ya Mwenyekiti.

Mimi sikuwahi kuiona fomu ile. Siku zile tatu za mwisho nilimuuliza mara ngapi, walisema nini, mama, walisema nini waliokuja? Alikuwa ananijibu, "Watairudisha." Hewa aliyobaki nayo, ya kuhesabu, aliitumia kunijibu hivyo.

Mkubwa akakohoa. Kwa mara ya kwanza akakunjua mikono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naona jambo limejieleza. Marehemu mwenyewe alikiri. Sisi tuna makosa yetu madogo ya kumbukumbu, tutayarekebisha. Mzee ana majonzi, tunamwelewa. Tufunge hapa, kila mtu aende nyumbani akiwa safi."

Mwenyekiti akafunika kalamu. Nikaona bega lake linalegea, kama mtu anayesikia harufu ya kwenda nyumbani.

Kila mtu safi. Hospitali safi. Mimi safi. Mchafu ni mmoja tu, na huyo hawezi kuja kujitetea.

Nami, Mungu anisamehe, nikaona ni njia. Nikafungua mdomo kusema sawa.

"Hapana," binti yangu akasema.

Akaweka faili mezani.

"Mama yangu alikuwa hawezi kufika mlangoni bila kushikwa. Huyo mtu asiyemjua alimpa laini saa ngapi, kila asubuhi, na kuipokea kila jioni? Alikuwa anamficha mtu. Mtu aliyemwonea kwa sababu ni mgonjwa. Mama hawezi kufa mara ya pili akiitwa mwizi. Fundi, umesema kifaa kina namba ya kuzaliwa. Hiyo simu iliyokuwa na laini ya mashine, namba yake unayo?"

"Iko kwenye karatasi yako. Mstari wa chini. Tarakimu kumi na tano."

"Na ya simu yoyote unaijuaje?"

"Unabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Inajileta yenyewe."

"Basi nitazunguka viwanda vyote kumi na moja. Nitaomba simu moja moja. Na ili yaishe haya ya kumtazama baba yangu," akanigeukia, na usoni kwake hakukuwa na shaka hata chembe, "tuanze na yake. Hapa hapa, mbele yenu. Baba, toa simu."

"Nimeiacha..." nikaanza.

Simu ilikuwa mfuko wa shati, inaonekana nusu. Watu wote waliiona. Binti yangu akacheka, cheko la mama yake kabisa.

"Baba naye! Iko hapo kifuani."

Nikaitoa. Imejaa unga wa mbao katikati ya vitufe.

"Asome mwenye simu mwenyewe," akasema Mwenyekiti. "Binti afuatishe kwenye karatasi."

Binti yangu akanibonyezea, kwa sababu aliamini sijui, akanirudishia. Namba ikajileta. Kusoma maneno ndiyo shida yangu. Namba sina shida nazo, nimeandika namba kwa chaki kwenye mbao miaka thelathini.

Mkubwa alikuwa amehamia kiti cha jirani yangu, sijui saa ngapi. Aliiona namba kwenye kioo cha simu yangu. Akaiona na karatasi ya Mwenyekiti. Mtu mwenye elimu hahitaji muda. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akaninong'oneza:

"Soma yoyote, mzee. Hakuna atakayekagua."

Mtu niliyemtukana wiki kumi gazetini. Ndiye alikuwa rafiki yangu pekee katika chumba kile.

"Tayari, baba," binti akasema. Kidole kiko chini ya tarakimu ya kwanza.

Nikaanza kusoma. Tatu. Tano. Nane. Sita. Alikuwa anatikisa kichwa kila moja, bila wasiwasi. Nikaendelea, nazisoma kama zilivyo, nikitegemea labda kuna itakayokataa yenyewe bila mimi kuigusa. Ya saba. Ya nane. Kidole chake kikaanza kwenda polepole. Ya tisa. Fundi akasogea. Ya kumi. Ya kumi na moja.

Zikabaki nne.

Binti yangu aliinua macho kwenye karatasi. Hakunitazama mimi, aliitazama mikono yangu iliyoshika simu.

"Malizia, baba," akasema.